*CHOPA SI YA KAMPENI TU: WAYA MKUBWA UTENGENEZWE BILA KUZIMA MWANZA*



Kwa siku kadhaa makundi yetu yamejaa ile video ya fundi aliyekaa ubavuni mwa helikopta, akishika waya wa umeme mkubwa kwa mikono huku cheche zikiruka. Mmetuuliza kama ni kweli au ni mambo ya kompyuta. Ni kweli. Marekani wanafanya kazi hiyo tangu miaka ya 1980, na umeme haukatwi.

Siri yake tunaiona kila siku hapa Nyakato. Ndege hutua juu ya waya na hafi, kwa sababu hajagusa ardhi wala waya mwingine. (Korongo akianguka, mara nyingi ni mabawa yake mapana yamegusa nyaya mbili.) Fundi naye huvaa suti iliyofumwa kwa nyuzi za chuma, akaunganisha chopa na waya kwa kibanio. Kuanzia hapo yeye, rubani, chopa na waya wana msongo mmoja, na umeme haupati sababu ya kupita mwilini mwake. Akigusa mnara au waya wa pili, habari yake imekwisha.

Sasa, kwa nini tawi la chama liongelee waya? Kwa sababu Mwanza iko mwisho wa safari ndefu. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kule Rufiji, hutufikia kwa kupita Dodoma, Singida na Shinyanga, kisha njia ya kilovolti 220 hadi hapa. Kutoka hapa njia ya kilovolti 132 inaendelea hadi Musoma. Vikombe vya minara hushika vumbi na kinyesi cha ndege. Ukungu wa alfajiri ukivilowesha, umeme hupata mahali pa kuvuka. Lazima vioshwe, na vilivyopasuka vibadilishwe. Hatulalamikii matengenezo. Tunachouliza ni kama kila tengenezo lazima lianze kwa kuzima.

Mama wa Mwaloni Kirumba mwenye sangara hawezi kuwaambia samaki wasubiri hadi saa kumi na mbili jioni. Bila umeme hakuna barafu, na mzigo wa asubuhi huuzwa kwa bei ya kutupa. Pampu za maji Capri Point na Butimba zinahitaji umeme, na mchomeleaji wa geti hana kazi nyingine ya kufanya saa hizo. Mitambo ya Nyakato ya takribani megawati 60 inatumia mafuta mazito, gharama yake tunaijua. Na reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka, kilomita 341, ni ya treni za umeme!

Wapo watakaosema chopa ni anasa. Tangu kampeni za 2005 Watanzania wameizoea chopa angani kila uchaguzi, na vyama, chetu kikiwemo, havijawahi kuiita anasa.

Hoja ya upepo tunaikubali. Ziwa letu halina utani, na watu 19 waliopoteza maisha kwenye ajali ya ndege Bukoba, 6 Novemba 2022, hatujawasahau. Kwa hiyo hatusemi tuanze na chopa. Kufanya kazi kwenye waya wenye umeme kwa ngazi na magari yenye mikono isiyopitisha umeme kumekuwepo tangu miaka ya 1960, kwa suti ya aina hiyo hiyo. Kanda ya Ziwa ipate kikosi chake cha namna hiyo kwanza, chenye mafunzo, bima, na haki ya fundi kusema leo hapandi mtu. Chopa ije baadaye, kwa minara ya milimani na mabondeni kunakojaa maji, tena ikodiwe kwa kuchangia na Kenya, ambayo gridi yake imeunganishwa na yetu kwa kilovolti 400 kupitia Singida tangu Desemba 2024.

Wabunge wetu wa Mwanza waiulize Wizara ya Nishati bajeti itakaposomwa: kikosi hicho kipo? Kama hakipo, kimetengewa kiasi gani?

Jambo moja zaidi, na hili ni letu wenyewe. Januari 2022 Kenya iliingia gizani baada ya minara ya njia ya Kiambere–Embakasi kuanguka. Lawama zilielekezwa kwenye hujuma na wizi wa vyuma, na Rais Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu. Vijana wetu mnaonunua chakavu, kipande cha mnara mnakitambua mkikiona. Msikinunue. Mtoeni taarifa ofisi ya serikali ya mtaa siku hiyo hiyo.

Maswali yaletwe kwa mabalozi wa mashina kabla ya kikao cha tawi, tuyaunganishe kwenye barua moja kwa wabunge.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi, Nyakato, Mwanza. Tafadhali sambaza._