Anakupenda Wewe, Je Wengine Anawatendeaje?

Mwezi huu nakuletea kisa cha meya mmoja wa Marekani. Usiseme ‘siasa hizo, nafungua ukurasa mwingine’. Subiri kidogo, utaona kinavyogusa mapenzi yako.

Meya huyo ni Orville Hubbard, wa mji wa Dearborn ulioshikana na Detroit, jimboni Michigan. Ndipo yalipo makao makuu ya magari ya Ford. Alizaliwa mwaka 1903, akasomea sheria, akagombea vyeo mara nyingi na kubwagwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1941 akashinda, Januari 1942 akakalia kiti, na hakukiachia mpaka 1978. Miaka 36!

Unajiuliza aliwapa nini watu wake? Aliwajali, tena sana. Theluji ikianguka, barabara zao zilisafishwa fasta. Mji ulinunua eneo kubwa huko Milford, lenye maziwa ya kuogelea, familia za Dearborn zikapumzike. Wazee wakanunuliwa jengo la ghorofa Florida, wapange kwa bei nafuu na kukimbia baridi. Kiongozi wa hivyo nani asingempa kura?

Sasa sikia upande wa pili. Hubbard hakutaka mtu mweusi aishi Dearborn, na wala hakuficha. Mwaka 1956 aliliambia gazeti moja la Alabama kwamba anaunga mkono ubaguzi moja kwa moja. Weusi kwa maelfu walifanya kazi kwenye kiwanda cha Ford mjini humo, lakini jioni ilibidi warudi kulala kwingine. Mwaka 1963 kundi la watu lilishambulia nyumba moja kwa fununu tu kwamba imechukuliwa na familia nyeusi. Polisi wa mji walikuwepo na hawakuwazuia. Hubbard alishtakiwa, na mwaka 1965 akaachiwa huru. Waarabu wa mtaa wa South End nao, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walilazimika kukimbilia mahakamani kuzuia nyumba za mtaa wao zisiendelee kubomolewa.

Wapigakura waliyaona yote hayo. Jibu lao lilikuwa moja: sisi anatujali.

Shosti, hebu sema ukweli, sentensi hiyo si unaijua? Jamaa anakufungulia mlango wa gari, vocha hazikauki, kila siku ‘umekula, mpenzi?’. Lakini mhudumu akichelewesha soda anamfokea kama mbwa. Dada wa kazi anamwita majina yasiyotamkika. Mtoto aliyezaa na mwenzio hamtumii hata ada. Ukiambiwa, unajibu, ‘Hayo yao, mimi ananijali.’ Na ninyi akina kaka msijifiche, wapo mnaomchekea mrembo anayemdharau mama yenu mzazi kwa sababu tu kwenu anajua kudeka.

Mtu wa hivi ameshachora mstari. Ndani wapo anaowapenda, nje wapo wasio watu. Leo uko ndani, hongera. Lakini ukiugua, ukifilisika au mkigombana, mstari huo ni nani anaousogeza? Yule mhudumu anaonyeshwa leo utakavyotendewa wewe siku utakayokosa thamani kwake.

Hata kama hutasogezwa nje kamwe, bado kuna swali: unalala vipi ukijua raha yako mwingine anaililia?

Hubbard alipata kiharusi mwaka 1974, akafariki 1982. Sanamu yake ilisimamishwa mwaka 1989, ikaondolewa nje ya ukumbi wa zamani wa mji mwaka 2015, na 2020 ikaondolewa hata kwenye eneo la makumbusho ilikohamishiwa. Mwaka 2021 watu wa Dearborn walimchagua Abdullah Hammoud, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, kuwa meya wao. Siku hizi zaidi ya nusu ya wakazi wana asili ya Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini.

Kwa hiyo mkitoka wikiendi hii, zawadi pokea, lakini macho yasibaki kwenye zawadi tu. Angalia anavyoongea na mlinzi getini, na anavyomjibu konda. Ukiona hukupendezwa, mwambie palepale, usingoje mpaka zamu ifike kwako. Tukutane mwezi ujao!