Wanahesabu Wanaoingia Chuoni, Nani Anahesabu Wanaodondoka?

Makamanda, mwezi wa kumi ukifika nendeni stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri. Mtawajua tu. Kijana kashuka kwenye basi la mkoani, begi la shangazi kaja mkono mmoja, ndoo ya plastiki mkono mwingine, bahasha ya kaki yenye vyeti kaibana kwapani. Huyo ni mwaka wa kwanza. Nyumbani wamemchangia nauli, mama kauza magunia mawili ya mahindi, na pengine ndo wa kwanza kwenye ukoo kukanyaga chuo kikuu.

Mimi enzi zangu nilishukia Ubungo, ila picha ni ileile. Leo nataka tuongee jambo ambalo kwenye majukwaa yetu hatuligusi. Tunapiga kelele kuhusu mikopo, na tuna haki. Tunapiga kelele kuhusu ajira, na tuna haki. Lakini kati ya mkopo na ajira kuna mwaka mmoja unaomeza watu kimyakimya, na hatujawahi kuuandikia hata bango moja. Ni mwaka wa kwanza.

Nilikuwa na mwenzangu chumbani. Chumba cha watu wanne tulilala wanane, maana kubebana ndo ulikuwa utaratibu. Jamaa alikuwa kichwa kweli. Kidato cha sita alitoka na daraja la kwanza, kwenye shule ambayo maabara yake ilikuwa kabati. Wiki ya kwanza tukaitwa ukumbini, tukahutubiwa siku tatu: mlezi wa wanafunzi, mtu wa usalama, mtu wa zahanati. Tulichotoka nacho wote ni kimoja: mkijiingiza kwenye migomo mtafukuzwa. Hakuna aliyetueleza alama zinakusanywa vipi. Hakuna aliyesema kwamba mtihani wa mwisho unabeba alama 60 tu, na kwamba zile 40 nyingine zinaanza kuhesabiwa wakati wewe bado unatafuta pa kulala.

Bumu likachelewa. Jamaa hakuwa na hela ya kukamilisha usajili, akawa anazunguka na karatasi dirisha hili mpaka lile. Jaribio la kwanza likampita. Insha ya kwanza akaiandika kama tulivyozoea sekondari: kanakili kitabu neno kwa neno bila kutaja chanzo, maana kule kukariri ndo akili. Akarudishiwa na sifuri, na pembeni kaandikiwa kwa wino mwekundu kwamba ameiba. Mtu ambaye hajawahi kuiba hata muwa! Akaona aibu kuuliza. Mwisho wa mwaka namba yake ikabandikwa ukutani: disko.

Alifunga begi lake usiku. Sisi wenzake tukajifanya tumelala, maana hatukujua la kumwambia.

Baadaye nilikuja kugundua kwamba alikuwa na mshauri wa masomo, mhadhiri kabisa aliyepangiwa kumsaidia. Orodha ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara tangu wiki ya pili. Mshauri hakumwita, na yeye hakujua. Lakini mimi ule ubao nilipita. Nikatafuta jina langu, nikaliona, nikaondoka zangu. Haikunijia akilini kumwambia mwenzangu ninayelala naye kitanda kimoja. Hilo nalibeba mpaka leo, na ndo sababu naandika.

Shahada hakupata, ila deni alipata. Bodi ya Mikopo haikufutii deni kwa sababu hukumaliza. Aliyemaliza akaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, na tunalalamika. Huyu wetu mshahara wa kukatwa hana, cheti cha kuombea kazi hana, deni analo.

Sasa tuje kwenye siasa yenyewe. Serikali ya CCM inapenda sana takwimu za wanaoingia. Mwaka 2016 elimu bila ada mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 wakaongeza kidato cha tano na cha sita. Ni hatua, tusiwe wabishi wa kila kitu. Ila ukishafungua mlango mpana, jiulize na wanaopita wanakutana na nini ndani. Kila bajeti tunatajiwa idadi ya wanaopewa mikopo. Mmewahi kumsikia waziri anasimama na kusema: walioanza mwaka wa kwanza walikuwa kadhaa, waliofika mwaka wa pili ni kadhaa, waliodondoka ni hawa na sababu ni hizi? Mimi sijawahi kusikia. Na kitu usichokihesabu hukijali.

Najua jibu lao: uzembe, pombe, mapenzi. Wapo wazembe, sikatai. Lakini mbona anayedondoka kwa kutojua utaratibu ni mtoto wa mkulima? Mtoto wa mhadhiri au wa mkurugenzi alishaambiwa yote mezani kwao wakati wa chakula cha jioni. Anajua barua ya kuahirisha mtihani inaandikwa kwa nani. Anajua mlango wa mhadhiri unagongwa. Huyu wetu anauogopa ule mlango kama wa kituo cha polisi. Ukiacha kila mtu ajifunze mwenyewe, umeshachagua upande. Umechagua waliokuwa wanajua tangu nyumbani.

Kuna chuo kimoja Marekani kilichobadilika baada ya vurugu, na kisa chake kinatufaa. Mei 1970, wakati wa hasira za vita vya Vietnam, wanafunzi wa University of South Carolina walivamia jengo la utawala. Askari wakaitwa, kama ambavyo kwetu wangeitwa. Lakini moshi ulipotulia, mkuu wa chuo Thomas Jones alijiuliza swali ambalo kwetu ni adimu: tumewafanyia nini hawa watoto mpaka wakachukie chuo chao wenyewe? Mwaka 1972 wakaanzisha kozi iitwayo University 101. Siyo hotuba za siku tatu. Ni darasa la muhula mzima, kundi dogo, mwalimu anayekujua kwa jina, mnafundishana jinsi ya kusoma, kutumia maktaba, kuuliza na kuishi chuoni. Na mwalimu mwenyewe anaandaliwa kwanza namna ya kukaa na wanafunzi wapya. Baadaye John Gardner akaisimamia kwa miaka mingi, na wazo likasambaa vyuo vingi vya Marekani na nje yake.

Sisemi tunakili kila kitu. Nasema walitambua kwamba kumpokea mwanafunzi ni kazi ya kufundisha, na siyo kumwonesha tu choo kiko wapi.

Kuna watakaosema tayari tunayo kozi ya stadi za mawasiliano. Tunayo, sote tumeisoma. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa kwenye ngazi, spika inakwaruza, nyuma kule husikii kitu, unasubiri madesa ya mwaka jana. Mtu aliyeogopa kunyoosha mkono mbele ya watu 40 sekondari, tena kwa Kiingereza, atanyoosha mbele ya mia kadhaa?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne yaingie kwenye sera ya elimu ya chama chetu, na tuyasemee kama tunavyosemea mikopo.

Moja, kila chuo kiwe na semina ya mwaka wa kwanza ya muhula mzima, makundi yasiyozidi watu 25, yenye alama kama kozi nyingine ili isidharauliwe.

Mbili, mwanafunzi aliyepangiwa mkopo asajiliwe na kuingia darasani hata kama hela haijafika. Uchelewaji wa serikali usiwe kosa lake.

Tatu, ifikapo wiki ya sita, mshauri wa masomo awe ndiye anayemwita mwanafunzi aliyekosa jaribio au aliyefeli. Tusisubiri ukuta umwite mwezi wa saba.

Nne, kila chuo kitangaze kila mwaka wangapi waliingia na wangapi walivuka kwenda mwaka wa pili. Namba hizo zitatusaidia kubana wote, chuo na wizara.

Haya yatahitaji wahadhiri zaidi, na wahadhiri ni hela. Ni kweli. Ila mkopo wa mwaka mzima uliopotea kwa mtu aliyedondoka nao ni hela, na hiyo tunaimwaga kila mwaka bila hata kuijadili.

Mwisho tujisemee wenyewe. Sisi vijana wa chama tunawajua mwaka wa kwanza wakati gani? Wakati wa kutafuta wanachama. Tunawafuata na kadi, tunapiga nao picha, tunapotea. Tukidai serikali iwashike mkono huku sisi tunawashika kola, hatuna tofauti na tunaowapinga.

Kamanda uliye mwaka wa pili au wa tatu, muhula huu chukua watano. Usiwaulize chama. Hamna bendera, hamna kadi. Waoneshe ubao wa idara uko wapi, wapeleke mpaka kwenye mlango wa mshauri wao na ugonge wewe. Waeleze zile 40 zinahesabiwaje. Kaa nao jioni moja mwandike insha ya kwanza pamoja, uwaoneshe chanzo kinatajwaje. Na ukiona jina la mwenzako kwenye tangazo lolote, mpigie simu siku hiyohiyo.

Mimi sikufanya hivyo. Nyie fanyeni.