Nyumba Tisa Zisizohesabiwa

Katika mwambao wetu, tangu Kilwa Kivinje hadi Lindi, mama anayeuguza watoto wawili wa selimundu hakosi kusikia minong'ono: ukoo ule una laana, msioe kwao. Ushahidi unaotolewa ni hesabu, kwamba zaidi ya nusu ya watoto wao ni wagonjwa. Tuipime hesabu hiyo kwa uadilifu.

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Wazazi wote wawili wakibeba chembe ya urithi wake, wenyewe wakiwa wazima, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Tuchukue mfano wa nyumba 16 za wazazi wa namna hiyo, kila moja ina watoto wawili. Kwa wastani, nyumba 9 hazitakuwa na mgonjwa, 6 zitakuwa na mmoja, na 1 itakuwa na wawili. Wagonjwa ni 8 kati ya watoto 32, yaani robo.

Lakini anayehesabu hospitalini huziona nyumba 7 tu zilizopeleka wagonjwa. Zina watoto 14, na wagonjwa ni wale wale 8. Robo imegeuka kuwa zaidi ya nusu! Ndiyo maana wataalamu wa takwimu za urithi huuliza kwanza: familia hizi zilipatikanaje? Wala ndugu wa tumbo moja hawawahesabu kama mashahidi mbalimbali. Ni kama wapokezi watatu wa habari moja kwa sheikh mmoja.

Hatari iliyojificha imo katika zile nyumba 9. Wazazi wake ni wabebaji sawa na wenzao, ila hawajijui, na katika kila watoto watatu wazima, kwa wastani wawili ni wabebaji. Hao ndio husema, "Kwetu hakuna," wakakataa kupima damu. Naye aliyekwisha kupata mtoto mgonjwa asidhani fungu lake limekwisha. Mimba ijayo ina robo ile ile.

Ubebaji huu si laana. Umeenea kwa sababu humkinga mtoto na malaria kali.

Basi tunawanasihi wazazi: kabla ya nikaha, wachumba wote wawili wapime, kisha washauriane na daktari. Na mama yule tumwondolee lawama, kwani baba naye amerithisha nusu yake. Wallahu a'lam.