Kwanza Daftari, Kisha Soko

Kila ifikapo Desemba, jamaa nyingi zenye asili ya Kijerumani, hasa zile zilizokulia Marekani, hufunga safari kwenda Ujerumani pamoja na wazee na watoto. Huenda kwa makusudi mawili. La kwanza ni kuyaona masoko ya Krismasi, ambayo sifa zake zimeenea duniani. La pili ni kuwatafuta wahenga wao: kijiji walikotoka, kanisa walilobatiziwa, na sababu iliyowapandisha meli. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Marekani, waliooa au kuolewa katika jamaa hizo, nao huingia katika safari hiyo, na watoto wao wana haki ya kuujua ukoo wa pande zote mbili. Makusudi yote mawili ni mema. Lakini twaona kwamba mara nyingi mambo hupangwa kinyume: soko hutangulizwa, na wahenga huachiwa siku mbili za mwisho, siku ambazo hapana ofisi iliyo wazi.

Hili si jambo dogo. Kuwavusha bahari watu watano au sita hula akiba ya mfanyakazi ya miaka kadhaa, na aghalabu yumo bibi au babu ambaye ndiye peke yake ayakumbukaye majina. Kwake yeye safari hiyo haitarudiwa.

Hebu tuitazame kalenda. Masoko yaliyo mengi hufunguliwa katika juma linaloitangulia Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya ile Jumapili ambayo Waprotestanti wa huko huwakumbuka wafu wao. Na hufungwa kati ya tarehe 22 na 24 Desemba. Basi anayefika jioni ya tarehe 24 akidhani ndipo sherehe inapoanza, atakuta vibanda vinabomolewa. Maduka hufungwa mchana wa siku hiyo, na tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu. Hifadhi nyingi za nyaraka hazifunguliwi tena mpaka mwaka mpya uingie, na makarani wa sharika huwa wamezama katika kazi za ibada. Wako wageni wanaolalamika. Sisi hatuwaungi mkono. Karani wa Ujerumani ni mfanyakazi kama wewe, naye ana watoto wanaomngoja nyumbani. Mlango uliofungwa siku ya mapumziko yake si tusi kwa mgeni. Atakaye vyote viwili na afike mwishoni mwa Novemba au juma la kwanza la Desemba, hata ikibidi kuwaombea watoto ruhusa shuleni. Mchana autumie kwa daftari na jioni kwa soko. Jua la huko majira hayo hutua yapata saa kumi alasiri, na vibanda hupendeza zaidi taa zikiwaka gizani, hivyo hapana alichopoteza.

Lakini kubwa kuliko kalenda ni jina la kijiji. Ujerumani haikuwa na daftari moja la taifa zima la kuandika vizazi na vifo. Prussia ilianzisha ofisi za kiserikali za kazi hiyo Oktoba 1874, na nchi nzima Januari 1876. Kabla ya hapo, katika sehemu nyingi, aliyeandika ni kasisi au mchungaji, na kitabu kilikaa pale pale kanisani. Kwa hiyo kusema “babu yetu alitoka Prussia” ni kama mtu wa Unguja kusema mjomba wake katoka bara. Bara ipi? Hata jina la mji halitoshi, maana Neustadt ziko nyingi na Neukirchen ziko nyingi.

Jina hilo hutafutwa nyumbani kabla ya tikiti kukatwa: katika karatasi za uraia, katika vitabu vya kanisa la wahamiaji, juu ya jiwe la kaburi, katika barua za zamani zilizofungwa kwa utepe ndani ya sanduku la bibi. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg za tangu 1850 hadi 1934 zimesalia kwa wingi, na nyingi hutaja makao ya msafiri. Za Bremen ni msiba. Tangu 1875 hadi 1908 orodha za zamani ziliharibiwa na ofisi yenyewe kwa sababu ilikosa nafasi ya kuziweka, na zilizobaki karibu zote zikapotea katika Vita Kuu ya Pili. Fikiri, ndugu msomaji: majina ya maelfu kwa maelfu ya watu yaliondolewa ili kabati lipate nafasi!

Kijiji kikijulikana, kamusi ya mahali ya Meyer ya mwaka 1912 itaonyesha kama kilikuwa na kanisa na ofisi ya kuandikisha. Vitabu vingi vya Waprotestanti vyaweza kusomwa kwa malipo katika intaneti, kwenye hazina iitwayo Archion iliyofunguliwa 2015. Vya Wakatoliki vingi vimo bure katika Matricula. Mwandiko wake wa zamani ulikoma kufundishwa shuleni 1941, na kijana wa Kijerumani wa leo aghalabu hauwezi. Yafaa kujifunza herufi zake miezi kadhaa mapema. Sheria nayo ina mipaka yake: daftari za serikali huwa wazi kwa wote baada ya miaka 110 kwa vizazi, 80 kwa ndoa, na 30 kwa vifo.

Na wasiende wakitarajia kaburi. Huko kaburi hukodishwa, mara nyingi kwa miaka 20 au 30, na muda ukiisha bila kulipiwa tena, mahali hupewa maiti mwingine. Kwetu sisi jambo hili lina ukakasi, lakini ndiyo desturi yao. Tena yamkini kijiji chenyewe hakimo Ujerumani. Silesia, na sehemu kubwa ya Pomerania, zimekuwa Poland tangu 1945. Mjukuu wa mtu wa huko atatafuta katika hifadhi za Wapoland.

Masoko hatuyadharau. Lile la Dresden limekuwapo tangu 1434. Divai yao ya moto hutiwa mdalasini na karafuu, karafuu ile ile tuijuayo sisi, na kikombe huwekewa dhamana ambayo hurudishwa ukikirudisha. Kwa msomaji mfanyakazi, la kutazamwa zaidi ni sanamu za mbao kutoka milima ya Erzgebirge. Huko Seiffen watu walichimba bati; madini yalipopungua waligeukia kukereza mbao ili watoto wapate kula. Yale matao ya mishumaa yawekwayo dirishani yanatokana na wachimba madini, ambao majira ya baridi walishuka shimoni kabla ya jua kuchomoza na kutoka limekwisha kutua. Anunuaye na aulize kimetengenezwa na mikono ya nani, kwa kuwa si kila kilichomo kibandani kimetoka milima hiyo. Vizuizi vya saruji vilivyo kwenye njia za kuingilia visiwatishe watoto bila maelezo: viliongezwa baada ya watu kushambuliwa kwa gari sokoni Berlin mwaka 2016, na Magdeburg ikapatwa vivyo hivyo 2024.

Sasa twafika penye uzito. Wako watafutao wahenga wa kupendeza tu: seremala hodari, mke mcha Mungu, mashua ya matumaini. Daftari haliandikwi hivyo. Serikali ya Hitler, kwa sheria ya tarehe 7 Aprili 1933, iliwaondoa kazini watumishi wasiokuwa wa asili iliyoitwa ya Kiarya, na watu wakalazimika kuleta vyeti vya ubatizo vya babu na bibi zao. Makarani wa makanisa walivinakili kutoka vitabu hivi hivi ambavyo leo mjukuu huvifungua kwa furaha. Mstari mmoja wa wino uliamua nani abaki na mshahara wake, na baadaye nani abaki na roho yake. Jamaa iliyopoteza watu katika mateso hayo itafute katika hifadhi ya Bad Arolsen, ambayo ina mamilioni ya karatasi za walioteswa. Na ambayo ndugu wa babu alibaki nyuma, na iulize pia Hifadhi ya Taifa mjini Berlin, ambako zimo kadi za wanachama wa chama cha Hitler. Twasema yasomwe yote mawili, na watoto waliokwisha pata akili waambiwe kabla ya safari.

Nasi tumo katika makaratasi hayo. Wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi waliandika sana walipotutawala. Karatasi za misioni ya Leipzig, iliyofanya kazi Kilimanjaro, zimehifadhiwa Halle. Za Wamoravian walioanzisha Rungwe 1891 zimo Herrnhut, mji ule ule zinakotengenezwa nyota za karatasi zining'inizwazo madirishani wakati wa Majilio. Wala si karatasi tu. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitoa matokeo ya uchunguzi wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na matatu kati yake yalioanishwa kwa vipimo vya nasaba na jamaa walio hai Tanzania. Ukoo wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi mwaka 1900, umelitafuta fuvu lake kwa miaka mingi. Mjukuu wa Mdachi huvuka bahari kutafuta jina la babu; mjukuu wa Mchaga hutafuta kichwa chake. Yule wa kwanza akipita Berlin na watoto wake, na awaambie habari za huyu wa pili.

Lililobaki ni barua. Iandikwe Agosti au Septemba, kwa Kijerumani, fupi, yenye swali moja, jina moja na mwaka mmoja, pamoja na ahadi ya kulipa ada. Katika sharika za vijijini karani hukaa ofisini saa chache tu kwa juma, na majibu huchukua miezi.