Senene si chakula cha njaa

Mwandishi aliyedai wiki iliyopita kwamba senene, aina ya panzi, ni chakula cha njaa, kinachofaa tu kuwashangaza watalii, amekosea vibaya. Bukoba, msimu wa mvua za Novemba, senene husubiriwa kwa hamu. Hunyofolewa mabawa na miguu, hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, chumvi na kitunguu kidogo, mpaka wakauke vizuri; wengine hufungwa na kupelekwa kwa ndugu Dar es Salaam. Kampala, kilo ya senene huweza kuipita bei ya nyama ya ng'ombe. Mwenye njaa gani hununua hivyo? Umoja wa Ulaya nao uliidhinisha nzige, jamaa wa senene, kuwa chakula mwaka 2021. Mhariri, kauli ile inawadharau Wahaya wa Bukoba. Isahihishwe.