Safari ya Pwani Huanzia Mlangoni

Kila Desemba inapobisha hodi, swali moja hunifuata ofisini mithili ya mdai: ipi njia ya haraka zaidi kutoka Nairobi hadi Mombasa? Huniuliza walimu wenzangu walionunua magari juzi, na huniuliza wanafunzi ambao hawana gari wala hawatarajii kulipata karibuni. Pengine huniuliza mimi, mtu wa isimu, kwa kuwa hushuka Pwani kila likizo kusikiliza lahaja.

Muhula uliopita nililipeleka swali hilo darasani, si kwa ajili ya ramani bali kwa ajili ya maana. Nilitaka wanafunzi waniambie kama njia yaweza kuwa na haraka. Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni mwendo au msogeo tu. Sisi tumelitwika hali ya moyo wa mtu: mwenye haraka ni msafiri. Chombo kina kasi. Barabara haina haraka wala kasi. Imelala pale pale.

Somo langu halikufika mbali. Kijana mmoja, mkazi wa Kawangware, alisimama akaeleza kwa madaha: shika James Gichuru hadi Westlands, panda Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, kisha ushuke Mlolongo baada ya kilomita 27 bila kusimamishwa na taa hata moja. Mwenzake wa Kibera akamkatiza. Ya nini kulipa, ilhali kuna Southern Bypass? Inapita kando ya Kibera, baina ya makazi na msitu wa Ngong, inaambaa na mbuga ya wanyama, nawe unatokea barabara ya Mombasa bila kukanyaga katikati ya jiji. Hata mtu wa Kawangware, akasema, anaweza kushuka na barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, akaifuata ya Ngong kuelekea Karen, akaingia humo bure.

Wakabishana kwa raha zao, na darasa likagawanyika mafungu mawili. Ndipo binti mmoja aliyekuwa kimya, naye wa Kibera, akauliza: "Daktari, hawa wanaanza kuhesabia wapi?"

Nikiri kwamba sikuwa na jibu. Yeye akaendelea. Anapokwenda kwa shangazi yake Likoni, huamka usiku wa manane, husindikizwa na kakake hadi kituoni kwa sababu vichochoro havina taa za kutosha, hungoja matatu nambari 8, hufika mjini, kisha huburura mzigo wake hadi ofisi za mabasi huko River Road. Amekwenda kaskazini mashariki ili aje aelekee kusini mashariki. Mwenzake wa Kawangware mwenye kupanda nambari 46 hufanya vivyo hivyo.

Tangu siku ile nimeyasikiliza upya mazungumzo yetu ya njia za Pwani, na nimegundua kwamba takriban yote huanzia pale gari linapowashwa. Tunasema safari ni kilomita 480, nasi tunazihesabu tangu katikati ya jiji, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu anayelala.

Tena tunazo barabara ambazo wasafiri wengine walizilipia zamani. Mwezi Julai 2018 nyumba za Kibera zilibomolewa, na shule pamoja nazo, ili ipite barabara ya kuunganisha ile ya Ngong na ile ya Lang'ata. Sisemi isingejengwa, nami huipita. Lakini Kibera ni jina lenye asili ya Kinubi, lugha ya wazawa wa askari wa King's African Rifles, nalo lilimaanisha msitu. Mwenye gari anayeuvuka "msitu" huo kwa dakika chache huiita njia ya mkato. Wenyeji walikatwa kweli.

Walimu wa Kiswahili wanafahamu kwamba barabara, tukiweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ni nomino, ni njia kuu. Tukiusogeza mkazo hadi ya tatu kutoka mwisho, ni kielezi: sawasawa, bila kasoro. Huwafurahisha wanafunzi mfano huo. Kuanzia mwaka huu nitauongezea swali: barabara hii ni barabara kwa nani?

Kuhusu sehemu ya mbele ya safari, sina ubishi mrefu. Ukishapita Mlolongo na Athi River, matajiri na maskini huwa wamoja nyuma ya lori kwenye vilima vya Salama. Sheria inaliruhusu basi mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Kwa hivyo kilomita 480 ni saa sita hata kama dereva hasimami Mtito Andei kunywa chai, na hakuna asiyesimama. Kuna wanaoshauri kukunja kona Emali, kupitia Loitokitok na Taveta hadi Voi. Mandhari ya Kilimanjaro ni ya kupendeza, ila njia ni ndefu zaidi. Anayekwenda Kilifi atapata nafuu ya kweli akiingia Mariakani na kupitia Kaloleni, asifike Mombasa kabisa. Na yule anayeyapita malori manne kwa mpigo penye kona ili aokoe dakika kumi, huyo simpi ushauri wowote. Simpandii gari tu.

Treni ya Madaraka Express, iliyoanza mwaka 2017, imefupisha safari hadi takriban saa tano. Hata hivyo huondokea Syokimau, na toka Kawangware hadi Syokimau ni safari nyingine, yenye nauli yake na hofu yake ya kuachwa.

Rai yangu kwa wakuu wa kaunti na wenye mabasi si kubwa. Southern Bypass imekwisha jengwa, na inapita ukingoni mwa Kibera. Pawe na kituo upande huu wa magharibi, chenye taa, choo na mahali pa kuketi, ambapo basi la Mombasa litawachukua abiria wa Kibera, Kawangware na Dagoretti bila kuwazungusha River Road. Haihitaji nguzo mpya wala nyumba ya mtu kubomolewa.

Nanyi walimu wa hesabu, mnapotunga maswali ya mwendo na muda, msiandike tena "gari liliondoka Nairobi". Waambieni wanafunzi wapime tangu mlangoni kwao. Nilifanya hivyo darasani kwangu. Mimi, kwa gari langu, alfajiri, nilipita Mlolongo dakika 50 baada ya kutoka nyumbani. Binti yule alipita hapo saa tatu na robo baada ya kufunga mlango wa kwao.