Mizani ya Mnunuzi: Prosesa ya Kompyuta

Mzazi wa Kasulu au wa Kibondo auzaye maharage au asali yake apate kumnunulia mwanawe kompyuta mpakato ya masomo, aghalabu hununua iliyokwisha kutumika. Dukani huambiwa neno moja tu: "Hii ni i7." Naye hudhani ya kuwa saba yaishinda tano, na tano yaishinda tatu, hulipa akenda zake. Yapasa tueleze maana ya hesabu hizi, isije jasho la msimu mzima likapotea kwa neno moja.

Prosesa ndiyo akili ya mashine. Katika zile za Intel, i3, i5 na i7 ni daraja za ndugu wa kizazi kimoja, wala hazionyeshi umri. Umri huonekana katika tarakimu zifuatazo. Iliyoandikwa i7-2620M ni ya kizazi cha 2, ilitoka mwaka 2011, ina viini 2, na kipimo chake ni wati 35. Iliyoandikwa i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ilitoka mwaka 2017, ina viini 4, na kipimo chake ni wati 15. Basi hiyo tano yaishinda hiyo saba kwa kazi, tena kwa umeme mchache. Na pale umeme unapokatika, betri idumuyo ni neema.

Tena Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hutaka Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache. Anunuaye ya kizazi cha 2 amenunua nyumba isiyo na komeo.

Kwa mwanafunzi wa kusoma, kuandika na kupiga hesabu, i3 au i5 ya kizazi cha 8 au cha baadaye yatosha. Fedha ibakiyo na itiwe katika memori ya GB 8 na diski ya SSD. Kutafuta i7 kwa fahari ya jina ni israfu. Na Suratul Furqan yawasifu watumiao pasi na ufujaji wala ubakhili.

Nawe muuzaji, Suratul Mutaffifin yawaonya wapunjao vipimo, na kizazi cha prosesa ni kipimo. Kukificha ni kuficha aibu ya bidhaa, na katika sheria yetu mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha kitu akapewa fedha zake.

Basi mzazi, usiamini kibandiko, kwani hubandulika kikabandikwa kingine. Kabla ya kutoa fedha, mashine iwashwe, yafunguliwe maelezo ya mfumo katika mipangilio, nawe unakili jina zima la prosesa pamoja na tarakimu zake zote katika stakabadhi. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Na achukiaye, mwachie mali yake. Wallahu aalam.